Tamthilia za Asia za kumaliza wikendi moja

Kabla ya kuchagua, piga hesabu. Tamthilia nyingi za Korea zina sehemu 16, kila moja dakika 60 hadi 70. Hizo ni saa 16 au zaidi, na ndiyo maana watu wengi hukwama sehemu ya kumi Jumapili usiku.

Anza na Kingdom, tamthilia ya Korea ya maiti wanaofufuka (zombi). Msimu wa kwanza (2019) una sehemu 6, wa pili (2020) nyingine 6, na zote 12 hazifiki saa 10. Ni enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea: mfalme ni mgonjwa, mwanawe haruhusiwi kumwona, na huko katika mji wa Dongnae maiti zimejibana chini ya sakafu ya mbao, zimebebana kama dagaa kwenye gunia. Pakua misimu yote miwili kwa pamoja, kwa sababu wa kwanza unakatika pale pale moyo unapodunda. Ashin of the North, sehemu maalum ya Kingdom inayosimulia yaliyotangulia, itazame mwisho kabisa. Ukiitanguliza, inakumalizia utamu.

Usiyependa damu, chukua Move to Heaven (2021), sehemu 10. Kijana na baba yake mdogo husafisha vyumba vya marehemu na kuweka vitu vyao kwenye boksi la manjano. Andaa leso, kweli.

Kutoka China kuna Reset (2022), sehemu 15 za basi linalolipuka tena na tena kwa sababu wakati unajirudia.

Acha sauti ya asili, soma maandishi ya chini. Sauti za kuingizwa hufuta heshima za Kikorea kama “hyung” (kaka mkubwa wa mwanamume) na “sunbae” (aliyekutangulia shuleni au kazini), na humo ndimo uhusiano wa wahusika ulimo.