Shangazi alivyomkosa muuaji wangu

Hapa Tanga msomaji wa kwanza wa kila ninachoandika ni shangazi yangu. Humsomea huku akichambua mchele, na kila hadithi alikuwa akinimaliza mapema: "Muuaji ni yule mpole. Umempamba mno." Safari hii nimempiga chenga, na nitajisifu mpaka nichoke.

Kwanza wale washauri. Waliniambia hadithi ya upelelezi bila bastola na mrembo hainogi, nimtafute jasusi kama Willy Gamba wa riwaya za Musiba. Willy Gamba anapanda ndege, mimi nimezoea basi la Dar. Mwingine akasema tumia sumu, mbona Agatha Christie, yule mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, alitumia. Kweli, lakini yule mama alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sumu alizijua kwa vipimo. Mimi nilikwenda duka la dawa nikauliza, kwa adabu zote, ni dawa gani mtu akitiliwa kwenye chai hasikii ladha. Dada wa kaunta akaacha kuhesabu vidonge.

"Ya nani?"

"Ya mjomba."

Mjomba wa kwenye hadithi, jamani! Akamwita mwenzake, naye akatokea nyuma simu mkononi. Nikanunua Panadol na chenji sikuisubiri.

Nikarudi kwa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, yeye na kiko chake hutazama tu na kuuliza. Nikatazama na mimi nyumbani kwetu kuna nini. Kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla, inayopenda kuisha usiku.

Basi mjomba kauawa. Mpwa wake anaapa kwamba umeme ulikatika kabla ya isha, LUKU imeisha, wakalala gizani, hakumwona aliyeingia. Wamenunua umeme asubuhi, maiti ikiwa imeshaonekana. Lakini magharibi shati jeupe la huyo mpwa lilikuwa kambani linachuruzika maji. Alfajiri watu wanaanza kufika msibani, naye kalivaa, mikono imenyooshwa ina mstari wa kukatia nyanya. Kalipiga pasi na nini?

Swali la shangazi nililijua kabla hajalitoa: na pasi ya mkaa je? Kwa hiyo iko tangu sura ya kwanza, imekaa chini inazuia mlango usibamizwe na upepo wa bahari, ina kutu, mfuniko haufunguki tena. Nayo habari ya shati nikaitia kwenye utani: jirani anauliza huyu bwana harusi ametokea wapi, kina mama wanaziba midomo kwa kanga. Dalili ukiipa aya yake peke yake, inapiga kelele. Itie penye kicheko. Na muuaji aonekane mapema. Padri Ronald Knox wa Uingereza aliliweka hilo la kwanza katika kanuni zake kumi za hadithi za upelelezi, mwaka 1929, na anayemleta muuaji ukurasa wa mwisho ni mwizi tu.

Kwa bwana harusi shangazi alicheka mpaka akakohoa. Akamshika mwenye duka, kwa kuwa alimkopesha marehemu sukari bila kuandika kwenye daftari. "Hakuna mwenye duka wa hivyo duniani." Nilipofika mwisho ungo ukatulia mapajani.

"Rudi kwenye shati."

Nikarudi.

"Rudi kwenye pasi."

Nikarudi. Akasema nimemlaghai. "Yote umeyasikia kwa masikio yako, shangazi," nikamwambia, nikijizuia nisicheke. Siku hiyo wali tuliula na chuya zake.

Kuchapa na kutoa kopi kumenila elfu thelathini na ushee, majalada ndani yake. Nakala ya kwanza niliyoazimisha ilirudi na maandishi ya kalamu juu ya jalada: NI MPWA. Tangu hapo kila nakala, kabla haijatoka, naiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: NI MWENYE DUKA.