Siku Niliyohesabu Dadu: Kazi Yangu ya Kuandika Programu Mombasa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko macho. Chai, mahamri mawili, mbaazi za jana, na kabla ya saa moja niko kwenye feri ya Likoni nimeukumbatia mkoba wa laptopu. Mtaani wanajua tu kwamba "natengeneza kompyuta", kwa hivyo huniletea simu zilizopasuka vioo na printa zilizokwama karatasi. Mimi naandika programu za michezo ya simu. Naisimulia siku ya jana kwa sababu mama bado huniuliza nimechoshwa na nini ilhali nilikuwa nimeketi.

Saa mbili hadi saa nne, ofisini karibu na Mwembe Tayari, nilisoma msimbo wa mwenzangu, yaani maagizo ya programu aliyoyaandika, na kubadilisha majina. Kigeu (jina linaloshika thamani ndani ya programu) alichokiita "x2" nikakiita "zamuZilizobaki". Wapo wanaoona huko ni kupoteza wakati. Kwangu mimi ni adabu kwa atakayeusoma baadaye.

Saa nne na robo simu ikalia. Ni mteja wetu, mzee wa Mji wa Kale, anayetaka ludo ya simu kwa ajili ya baraza yake.

"Mwanangu, dadu yenu inaiba."

"Haiibi, mzee wangu. Ni bahati tu."

"Bahati gani? Jana nimekaa kete zangu zote nne ndani, sita haiji!"

Kwenye ludo, bila sita kete haitoki nyumbani. Nikamweleza kwa upole: kila mrusho, nafasi ya kukosa sita ni tano kati ya sita. Ukizidisha pamoja sehemu hizo sita, moja kwa kila mrusho, utaona kwamba hata kwa dadu ya haki, mtu hurusha mara sita bila sita moja karibu mara 33 katika 100. Hakuridhika. Akapiga tena, akataka nilazimishe sita ije kila baada ya mirusho sita. Nikakataa. Wazee wale wanacheza bao lenye kete 64 na wanazihesabu kwa macho. Dadu yenye zamu ya kudumu wataigundua siku hiyo hiyo, na mtu akishajua sita inakuja lini, mchezo umekufa. Akapiga mara ya tatu. Ya nne alikuwa na vijana nyuma yake wanapiga kelele, na maneno yake yakanikaa:

"Mimi nacheza ludo tangu sijaota ndevu. Sita naijua."

Stima ikapotea. Feni ikasimama, joto likatushukia, nami nikabaki na betri ya laptopu na lile neno la mzee. Nikaandika jaribio la mistari kumi na moja: rusha dadu mara 60,000, hesabu kila uso. Kwa haki kila uso ungekaribia 10,000. Mbili, tatu, nne na tano zilikaribia 12,000 kila moja. Moja na sita, 6,000 hivi.

Mzee alikuwa na haki.

Msimbo ulichukua nambari ya nasibu, yaani ya kubahatisha, kati ya sifuri na moja, ukaizidisha kwa tano, ukaikadiria kwa nambari nzima iliyo karibu, kisha ukaongeza moja. Chora mstari wa sifuri hadi tano utaona kosa. Mbili inapata kila kilicho kati ya 0.5 na 1.5, urefu mzima. Moja inapata sifuri hadi 0.5 tu, na sita 4.5 hadi tano. Dawa yake ni kuzidisha kwa sita, kukata desimali, ndipo uongeze moja.

Nikafungua historia kwenye Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo na jina la aliyelifanya, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mstari ule uliingia miezi mitatu nyuma na ujumbe wa neno moja: "marekebisho". Jina lililoandikwa pale ni langu. Jana niliandika ujumbe mrefu: kosa lilikuwa nini, nimebadilisha nini, jaribio gani linalilinda. Jicho haliwezi kuhukumu bahati, bahati inahesabiwa. Tena ihesabiwe kabla mteja hajapiga simu.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari zimefika pwani hii ya Mombasa tangu 2009, lakini bila stima ofisini nilituma toleo jipya kwa bando la simu yangu, likakatika mara mbili, nikaanza upya. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipompigia mzee. Nikamwambia kwamba kwa dadu ile mbovu, kukosa sita mara sita mfululizo kulifika 53 katika 100.

"Nani alikosea?"

"Ni mimi, mzee wangu. Nisamehe."

Akanyamaza. "Basi pole na kazi, mwanangu."

Nyumbani mama alikuwa ameniwekea wali na samaki. Akauliza swali lake. Nikachukua penseli nikamchorea ule mstari, sifuri hadi tano, na mahali unapokatwa. Akautazama kitambo.

"Hizi za pembeni mmezipunja," akasema.

Ndiyo, mama.