Migebuka kwenye sidii

Mwaka 2008 nilikuwa mwalimu wa kompyuta kwenye sekondari moja ya Ujiji, Kigoma. Tukapata msaada wa kompyuta tisa, na nilipozifungua nikakuta hazina diski ya kuhifadhia mafaili hata moja. Wafadhili wengi hung'oa diski kabla ya kutoa mashine, siri zao zisije zikasafiri nazo. Mkuu wa shule alitaka zipelekwe stoo. Nikamwomba wiki mbili, maana tangu enzi za Knoppix ya yule Mjerumani Klaus Knopper nilijua kwamba Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, inaweza kuwaka kutoka kwenye sidii peke yake.

Nilichagua Xubuntu 8.04, aina mojawapo ya Linux, kwa wepesi wake, kwani mashine zetu zilikuwa na RAM, ile kumbukumbu inayofutika mashine ikizimwa, ya megabaiti 256 tu. Ila niliitaka iwe na OpenOffice, programu ya kuandikia, na zaidi ya yote iwe na myspell-sw, kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Wanafunzi wangu walizoea kuona kila neno la Kiswahili likipigiwa mstari mwekundu, kana kwamba lugha nzima ni kosa. Jambo hilo liliniuma sana.

Kila jioni nilipanda Hiace hadi Mwanga, kwenye intaneti kafe ya mama mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mafaili tena?"

Ananiachia mashine ya pembeni, napakua vifurushi kwenye flashi mpaka anapofunga.

Ndani ya sidii ya namna hiyo, mfumo mzima umebanwa kwenye faili moja, filesystem.squashfs. Unalikunjua kwa amri ya unsquashfs, unaingia ndani yake kwa chroot kana kwamba ndiyo mashine uliyoiwasha, unatoa na kuweka programu, unatoka, unalibana upya kwa mksquashfs. Mwisho unatengeneza ISO, faili la kuchoma kwenye sidii, yenye isolinux ili mashine iweze kuiwasha. Sidii hubeba megabaiti 700. Yangu ilitoka 900 na ushee.

Nikadhani mzito ni OpenOffice. Nikatoa GIMP, programu ya picha, nikabana upya. Karibu saa nzima, na mimi nimeikodolea macho ile asilimia, naomba umeme usikatike. Kigoma wakati huo ilitegemea majenereta ya dizeli. Bado 900. Nikatoa michezo, nikafuta vifurushi ambavyo apt, kisakinishaji cha programu, huvibakiza baada ya kusakinisha. Bado. Usiku wa tatu umeme ukakatika kwenye asilimia 80. Nikatoka nje, nikakaa kizingitini. Ziwani karabai za wavuvi wa dagaa zilikuwa zinawaka.

Asubuhi niliacha kukisia, nikazipitia folda moja moja kwa ls. Kwenye /proc, folda iliyopaswa kuwa tupu, nikakuta faili liitwalo kcore, zito sawa na RAM yote ya kompyuta yangu. Nikaelewa. Nilipoingia kwa chroot niliunganisha /proc ya kompyuta yangu ili programu zisakinike vizuri, kisha nikatoka bila kuitenganisha. Na kcore ni kumbukumbu ya mashine yenyewe ikijionyesha kwa sura ya faili. Siku tatu zote nilikuwa nabana RAM yangu na kuitia kwenye sidii ya shule!

Nikaandika umount, amri ya kutenganisha, nikabana. Ikatoka 648. GIMP nikairudisha.

Jumatatu tukawasha mashine ya kwanza. Ilinguruma dakika kadhaa, kisha eneo-kazi likatokea. Binti mmoja wa kidato cha tatu akakaa, akaanza kuandika insha yake polepole, kidole kimoja kimoja: Baba yangu ni mvuvi. Huamka usiku.

"Mwalimu, leo hamna nyekundu!"

Nilishindwa kumjibu. Akaendelea, halafu akasimama.

"Mwalimu, kumbe migebuka ni kosa?"

Nikainama nione. Mstari mwekundu ulikuwa chini ya neno hilo moja tu, jina la samaki wa ziwa letu.

"Si kosa. Kamusi ndiyo haijalijua."

Nikamwonyesha namna ya kuliongeza, akaliongeza. Lakini mfumo wa sidii huandika mambo yake mapya kwenye RAM. Tulipozima, neno lake likapotea nayo.

Usiku ule nikaikunjua tena. Nikafungua sw_TZ.dic, faili la ile kamusi, nikaandika mgebuka, migebuka, na kuhe, samaki mwingine wa ziwani, nikarekebisha idadi ya maneno kwenye mstari wa kwanza. Nikatenganisha /proc, nikaikagua mara mbili, ndipo nikabana.