Mada za mwaka wa kanisa, kwa kalenda ya mvua ya Dodoma

Mbukwenyi jamani. Nimepotea kidogo maana kwenye jumuiya yetu ya Kikatoliki katibu alinibebesha kazi, eti wewe si ndo msomi hapa, tuandalie mada za tafakari za mwaka mzima, kuanzia Majilio, zile wiki za kungoja Krismasi, mpaka Kristo Mfalme, Jumapili inayofunga mwaka wa kanisa. Nkasema rahisi hiyo, nikaingia intaneti nikakopi nikaprinti. Mada ya kwanza ya Majilio ilikuwa ya usiku mrefu wa baridi, theluji na mshumaa dirishani. Hapa kwetu ni mwisho wa Novemba, joto linaua, vumbi, kila mtu shingo juu anaangalia mawingu yanavyopita zake. Watu walinisikiliza kwa heshima tu, mzee mmoja akasinzia kabisa.

Nikachana, nikaanza upya. Majilio yanaanza Jumapili iliyo karibu na tarehe 30 Novemba, na wakati huo huku mtu ameshaberega shamba, yaani ameshalisafisha tayari kwa kupanda, wengine wameshaweka uwele kwenye udongo mkavu, mbegu iko chini na mvua haijulikani, ikigoma ndo umewalisha mchwa. Sasa mtu wa hivyo unamfundisha kungoja kwa mshumaa? Bahati nzuri masomo ya Misa ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na huo ulikuwa mwaka A, Jumapili ya tatu somo la pili ni Yakobo sura ya 5, yule mkulima anayevumilia mpaka apate mvua ya kwanza na ya mwisho. Nilipolisoma, mzee wangu wa usingizi akaongea karibu nusu saa, mpaka mwenyekiti akaanza kukohoa.

Kwaresima ndo ilinishinda. Jumatano ya Majivu inayoifungua huwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na hiyo kwa mkulima wa huku ni miezi ya ghala tupu, cha mwaka jana kimeisha, cha mwaka huu kiko shambani hakijakomaa, watu wanasukuma siku na mlenda. Mimi nimeandika vizuri pale, tujinyime mlo mmoja tuwape maskini. Bibi mmoja akacheka, akaniuliza, "Mwanangu, nijinyime upi, wa jana au wa kesho?" Wote wakacheka, mi nikashindwa. Najua kanisa linasema siku za kufunga za lazima ni mbili tu, Majivu na Ijumaa Kuu, na aliyetimiza miaka 59 sheria haimbani, ila bibi hakuwa anauliza sheria.

Tukakubaliana, kwenye yale matatu ya Kwaresima, sala, kufunga na sadaka, sisi uzito tuweke kwenye sadaka, yaani wenye mishahara, hasa hawa waliohamia na serikali kutoka Dar, kila Ijumaa kabla ya Njia ya Msalaba walete unga, kimyakimya, na wafunge midomo wasiseme umeenda kwa nani. Unga ulikuja. Kufunga mdomo tulifeli wiki ya pili tu.

Pasaka nayo inatembea, ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hiyo inaweza kuwa 22 Machi mpaka 25 Aprili, na kwa tumbo hizo wiki sio mchezo. Mwaka 2025 ilikuwa 20 Aprili, 2026 ikawa tarehe 5. Ikichelewa unakuta mahindi mabichi na maboga yameshaingia, Aleluya inaimbwa na mtu aliyeshiba. Mi napenda ya kuchelewa, nisameheni.

Pentekoste, sikukuu ya Roho Mtakatifu kushuka kwa uvumi wa upepo, sikuhangaika, upepo wa Dodoma ukianza unajihubiri wenyewe.

Halafu Kipindi cha Kawaida, padre kasula, lile vazi la juu la Misa, ya kijani wiki kwa wiki, Juni, Julai, Agosti, Septemba, na nje kila kitu kahawia, mibuyu mitupu. Mtoto mmoja ameshauliza kwa nini, katekista akasema atamjibu Jumapili ijayo, na Jumapili zimeshapita kadhaa.

Julai nilikosa kabisa cha kuandika, nikamfuata bibi yule yule. Akasema andika wasiuze uwele wote kwa walanguzi mavuno yakitoka, Kwaresima inaanzia hapo. Nikakumbuka Yusufu akifungua maghala Misri, somo la Jumatano ya wiki ya 14 ya Kipindi cha Kawaida, ila linasomwa miaka ya witiri kama 2025 na 2027, 2026 halimo. Nimeliweka hivyo hivyo, katibu bado hajagundua.