Nilivyompima mtoto aliyeitwa mzito

Nafundisha darasa la tatu wilayani Ilemela, Mwanza, na kila mwaka wapo watoto wanaopanda kutoka la pili KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) zikiwa hazijakaa sawa. Wengi wanahitaji tu mtu wa kukaa nao. Mwaka huu yupo mmoja ambaye kukaa naye pekee hakukutosha: mvulana wa miaka 10, msimuliaji hodari, hesabu za kichwani anakujibu hujamaliza kuuliza, lakini akifunguliwa kitabu jasho linamtoka. Wenzake walimwita mzito. Jina hilo liliniuma, nikaamua nimpime kama ana disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili.

Kwanza niliondoa sababu za kawaida. Siku za giza, mwezi usipoangaza na dagaa wakivuliwa kwa wingi, watoto wengi wa mialoni, kule mitumbwi inakotia nanga, huenda kuanika badala ya kuja shule. Rejista ilionyesha yeye hakosi. Bibi yake, anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, nilimwomba ampeleke hospitali ya Sekou Toure akapimwe macho na masikio. Yote mazima. Kisha lugha: nyumbani kwao ni Kisukuma. Mtoto wa huku akisoma “kula” palipoandikwa “kura”, hiyo ni lafudhi, sikuihesabu kosa.

Vipimo vingi vya disleksia vimetungwa kwa watoto wanaosoma Kiingereza. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto wetu mwenye disleksia mara nyingi hulipata neno, ila kwa kujikokota. Ndiyo maana nilimsomesha kwa saa ya simu, dakika moja moja. Halafu nikamwandikia maneno yasiyo na maana, maana hayo huwezi kuyakariri. Maneno aliyoyazoea, kama “kitabu” na “mwalimu”, alipita bila shida. Kwenye “mbweso”, neno la kubuni, aliweka kidole chini ya m, akatamka m, akatamka be, akanyamaza, akarudi mwanzo, akasema “bosi”. Nikaacha maandishi kabisa: “Kwenye samaki toa sa, kinabaki nini?” Wenzake hujibu papo hapo. Yeye alitazama dari, akasema “sama”.

Hesabu nayo nilipima, kwa kuwa disleksia na diskalkulia, yaani ugumu kama huo upande wa namba, huandamana mara nyingi. Maharage manne mezani aliyataja kwa kutupa jicho, na nilipomtajia mia tatu na tano aliandika 305. Mafumbo ya hesabu alikosa aliposoma mwenyewe, akapata nilipomsomea mimi. Darasani humo humo nina binti ambaye mambo yake ni kinyume: anasoma vizuri, lakini maharage manne anayagusa moja moja, mia tatu na tano anaandika 3005, na 8 + 5 anaanza upya kutoka kidole cha kwanza. Hao wawili huwezi kuwapa msaada wa aina moja.

Bibi alipokuja nilimwamkia, nikamuuliza kama kwenye ukoo kuna mwingine aliyepata shida ya kusoma. “Mwalimu, mjomba wake alikuwa hivi hivi. Tulimchapa mpaka tukachoka, akaishia ziwani.” Disleksia huweza kurithiwa, na wazazi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo. Nilimweleza taratibu kwamba mjukuu wake si mvivu wala hana upungufu wa akili. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama mjomba naye bado anaweza kujifunza. Nikamwambia anaweza.

Kumpa mtoto jina la tatizo si kazi ya mwalimu wa darasa peke yake. Niliandika taarifa kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, nikaambatanisha madaftari. Lakini sikukaa kusubiri majibu. Wataalamu wenyewe wanataka shida iwe imedumu angalau miezi 6 licha ya msaada, kwa hiyo kufundisha nako ni kupima. Nilimweka kwenye kikundi kidogo jioni: silabi, kadi, kutamka huku anaandika, na kila Ijumaa dakika moja ya kusoma nikiiandika. Wenzake wa kikundi walipaa ndani ya muhula mmoja. Yeye alipanda polepole sana, ingawa alifanya kazi kuliko wote, na tofauti hiyo ilinishawishi kuliko kipimo chochote.

Sasa majaribio ya darasani namsomea maswali kwa sauti. Mwakani ana upimaji wa taifa wa darasa la nne. Barua ya kumwombea muda wa ziada mwalimu mkuu ameshaisaini.