Nilivyopima presha ya kapilari za mapafu, na rula iliyoniumbua

Kapilari za mapafu, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, hazina pa kuchomeka mrija. Ni nyembamba hata chembe nyekundu hupita kwa kujibana. Ndiyo maana presha yake hukisiwa, na makisio mengi yalianzia kwenye mapafu ya mbwa. Mwaka 1967 watafiti Gaar, Guyton na wenzao walitoa kanuni ambayo bado naitumia: chukua presha ya atiria ya kushoto (chemba ya moyo inayopokea damu kutoka mapafuni), ongeza asilimia 40 ya tofauti kati yake na ile ya ateri ya mapafu (mshipa unaopeleka damu mapafuni).

Mimi nilitumia mapafu ya panya, yaliyotolewa chini ya nusukaputi, yakaning'inizwa na kupitishiwa damu kwa pampu. Njia yangu ilikuwa kubana mirija miwili kwa mpigo, wa kuingizia damu na wa kutolea. Damu ikisimama, presha za pande mbili hukutana, na hapo zinapokutana ndipo ilipo presha ya kapilari. Kwa mkono nilishindwa kabisa. Ukichelewa upande wa ateri, pampu inaongeza damu na namba inapanda. Ukichelewa upande wa vena (mshipa wa kutolea damu), damu inatoroka na namba inashuka. Nikafunga vibanio viwili vya umeme kwenye swichi moja, na kila nilipobana nikasimamisha upumuaji hewa ikiwa imeshatoka. Mistari ikaanza kukutana.

Nikapata milimita 10.5 za zebaki. Nikajaribu kanuni ile ya mbwa: ateri 17, vena (badala ya atiria) 6, jibu 10.4. Usiku ule nililala kwa raha.

Siku moja pampu imezimwa, nikaona vena bado inasoma 6. Nikachukua rula. Uso wa damu kwenye chombo cha vena ulikuwa sentimita 4 tu juu ya mapafu, yaani karibu milimita 3 za zebaki. Hizo 3 za ziada zimetoka wapi? Vipima presha vilikuwa mezani, sentimita 4 chini ya mapafu, na sifuri yake nilikuwa nimeiweka hukohuko! Uzito wa kimiminika cha hizo sentimita 4 ulipandisha pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo kanuni nayo ilipanda, ikakubaliana nami.

Nikavipandisha hadi usawa wa mapafu, nikapata 7.5. Rekodi za nyuma nilitamani kuzipunguzia 3 na kuendelea, ila stendi ilikuwa imesogezwa mara kadhaa na urefu wake sikuwahi kuuandika. Nilizirudia zote.