Jinsi tulivyowahoji wagombea wa wadi yetu bila kuvunjiana heshima

Mapema 2022, barazani kwetu hapa Mombasa hakukuwa na mazungumzo mengine ila ya uwakilishi wadi, yaani kiti cha wadi yetu katika bunge la kaunti, kuelekea uchaguzi wa Agosti. Ukipita baada ya Isha wasikia kelele tangu kona ya kwanza: huyu mwizi, yule mlevi, yule si mtu wa hapa. Ndugu wa tumbo moja walifika hadi ya kutoamkiana. Mimi ni mwalimu, na wengi wa vijana waliokuwa wakitukanana pale nimewasomesha mwenyewe. Nilishindwa kupita nikanyamaza.

Kilichoniuma zaidi ni kuwa tulikuwa tukigombania kazi ambayo wengi wetu hatukuijua. Mwakilishi wadi hajengi barabara. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamtaka awe karibu na watu wake, ahudhurie vikao na kufikisha maoni yao bungeni, na inamkataza kujiingiza katika kutoa huduma kana kwamba ameajiriwa na kaunti. Kazi yake kubwa ni kutunga sheria za kaunti na kuichunga serikali ya gavana. Mtu akisimama akasema "nitawawekea taa", aulizwe alisema nini siku ya kujadili bajeti ya hizo taa.

Nilianza kwa mzee wa mtaa. Nilimwomba tuwaite wagombea wote, tena si barazani bali uwanja wa madrasa, kwa sababu barazani wanawake hawakai, na wanaoamka alfajiri kupanga mitungi ya maji ni wao. Akakubali kwa sharti moja: asiletwe mtu na bendera wala fulana ya chama. Mimi nikaongeza la pili, kwamba kila atakayemtuhumu mgombea ataulizwa swali moja tu: "Uliona, au uliambiwa?" Aliyeona aeleze. Aliyeambiwa akae, amlete aliyemwambia.

Wakati huohuo tuliandika barua kwa karani wa bunge la kaunti, tukaomba rekodi ya mahudhurio ya mwakilishi wetu na hoja alizowasilisha. Haki hiyo iko katika Kifungu cha 35 cha Katiba, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Vijana walinicheka, wakasema barua itaishia mezani. Jibu lilikuja. Nikawasomea na Kifungu cha 194 cha Katiba, kwamba mjumbe akikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya spika, na asiwe na maelezo ya kuridhisha, kiti chake kinakuwa wazi. Nani barazani alijua hayo? Hata mimi nilikuwa nimeyapata juzi tu.

Jioni ya mkutano watu walijaa mpaka nje. Mwakilishi aliyekuwa madarakani alikuja, na hilo nampa sifa yake. Tulimsomea rekodi: vikao alihudhuria vizuri, lakini kuhusu maji ya mtaa wetu hapakuwa na hoja hata moja muhula mzima. Akaanza kutaja mazishi aliyohudhuria na sanda alizonunua. Nilipomrudisha kwenye swali, mama mmoja mjane akanikatiza: "Mwalimu, siku nimefiwa, huyu ndiye aliyekuja. Usimfanye si kitu." Uwanja ukanyamaza. Nilimwambia mama ana haki ya kulikumbuka jambo hilo maisha yake yote, na hakuna atakayemwondolea. Lakini kuzikana ni ujirani, na sote twawiwa. Mshahara wa bunge analipwa kwa kazi nyingine.

Mgombea wa pili alikuwa mweka hazina wa kamati ya kioski cha maji. Kwa miezi maneno yalikuwa kwamba "amekula pesa za maji". Kijana aliyelivumisha sana alipoulizwa kama aliona, alikaa. Ndipo bi mkubwa mmoja aliyewahi kuwa kwenye kamati akatoa daftari chini ya buibui, daftari la shule la kurasa 96, kingo zimeliwa na mende. Kila jioni mapato yameandikwa kwa kalamu ya buluu, na sahihi ya mweka hazina pembeni. Halafu kurasa kadhaa hazina kitu, kisha maandishi yanaendelea.

Daftari lilipitishwa mkono kwa mkono. Mgombea alisema kipindi hicho mota ya pampu iliungua, pesa zikaenda kwa fundi, na alionyesha risiti. Risiti ilifunika sehemu tu ya pengo. Iliyobaki alisema hakumbuki. Hakutukanwa. Bi mkubwa alimwambia tu, "Mwanangu, ungeyaandika." Kwangu mimi hilo lilimpima kuliko kelele zote za barazani, maana asiyeweza kuandika hesabu za mitungi hana la kuniambia kuhusu bajeti ya kaunti. Wengine walimsamehe, nao walikuwa na sababu zao.

Wagombea wengine walijibu kwa kifupi, na wawili hawakufika kabisa. Kutofika kwao nako kulikumbukwa.

Tarehe 9 Agosti tulipiga kura ya wadi, ile ya gavana ikiwa imeahirishwa hadi 29 Agosti hapa Mombasa na Kakamega. Aliyeshinda si niliyempigia. Lakini majibu aliyotoa uwanjani kuhusu maji na taa yaliandikwa, akayatia sahihi mbele ya mzee wa mtaa, na nakala iko kwangu. La maji ameshaliwasilisha bungeni. Niliketi jukwaa la umma nikamsikia, kwa kuwa Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka vikao viwe wazi. La taa bado. Kwa uchaguzi wa 10 Agosti 2027, barua kwa karani haitangoja joto la kampeni, na safari hii anayeiandika ni yule kijana aliyekaa chini.